Watu Walio Chini ya Migomba

Huku kwetu marehemu hapelekwi mbali. Anazikwa kihambani, kwenye shamba lile lile la nyumbani alilolima, chini ya migomba, karibu kiasi kwamba ukiwa jikoni unaliona kaburi. Mume wangu yuko pale. Baba yake yuko pale. Asubuhi nikienda kumpa ng'ombe majani napita katikati yao na ndoo yangu, na sijawahi kuona ajabu. Naanza na hilo kwa sababu mashine ya kina mwanangu haikufundishwa hilo, na yote ninayoandika hapa yametoka hapo.

Mwanangu huyo ni wa kwanza. Wakati yeye yuko chuo anasoma mambo ya umeme na kompyuta, mimi nilikuwa nakwenda masomo ya jioni mjini, nimalizie kidato cha nne nilichokiacha nilipoolewa. Akija likizo tulikuwa tunakaa meza moja, ananifundisha hesabu. Nikikosea anasema, "Mama, rudia, usiogope." Hakuwahi kunicheka. Nikikumbuka upole wake ule ndipo mambo mengine yananishinda.

Alipopata kazi nilipeleka mkungu wa ndizi kanisani kumshukuru Mungu. Baada ya ibada vitu vya sadaka vinanadiwa pale nje, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliupandisha bei mkungu ule mpaka watu wakacheka. Alisema huo sasa ni mkungu wa kampuni, si wa kula na utumbo tu.

Kampuni yenyewe ilikuwa nyumba ya kupanga kule Shirimatunda. Vijana wachache, nyaya kila mahali, na sebuleni droni zimepangwa kwenye rafu kama vyombo vya mgeni. Aliyeianzisha ni binti, hajamzidi mwanangu sana kwa umri, wazazi wake walitoka mkoa mwingine wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huko chini. Binti mnyenyekevu. Shikamoo yake anaitoa akiwa ameinama, na akija kwako haji mikono mitupu. Nasema hivyo ili asije akadhaniwa ni mtu mbaya. Sikuwahi kumwona mbaya, hata nilipokuwa nampinga.

Wazo lao la kwanza lilikuwa la kuokoa watu. Kijana mmoja wa jirani yetu, mpagazi, alipotea msituni siku ya ukungu wakati anashusha mizigo ya wageni waliopanda mlima, wakamkuta ameshakauka kwa baridi. Mwanangu alisoma naye shule ya msingi. Basi walitaka droni inayoweza kupita juu ya msitu na kumwona mtu kwa joto la mwili wake, hata kama majani yamemfunika. Mashine ilikuwa inamwona mtu vizuri kwenye uwanja, ila akiingia chini ya majani inakuwa kipofu. Ndipo mwanangu akakumbuka nyumbani. Akaniambia hakuna mahali pazuri pa kuifundisha kama kihamba: migomba juu, kahawa chini yake, na watu wanaishi humo humo siku nzima.

Nikamruhusu. Wakaja, sisi akina mama wa jumuiya tukawa tunapita na mizigo ya majani kichwani, tunachuchumaa, tunakaa, tunalala chini ya migomba kama wagonjwa. Tulicheka sana siku ile. Mama mkwe wangu, wakati huo bado anatembea na fimbo, alikataa kulala chini. Alisema atalala pale siku yake ikifika, asiharakishwe.

Ile ya kuokoa watu haikupata mnunuzi. Kila ofisi waliyoingia walipongezwa wakaambiwa waje tena. Mwanangu alianza kukonda. Halafu wakaja watu wengine, wa mambo ya ulinzi, wa nchi ya mbali kidogo ambayo sikuambiwa jina lake na sikulazimisha. Hao hawakusema waje tena. Walitaka kitu kile kile, kumwona mtu chini ya majani, ila walitaka mashine iweze kusema na huyo mtu ni wa namna gani.

Binti yule akaja mwenyewe kutueleza. Alisema ni kulinda mipaka. Wakati huu waliomba wanaume, wachimbe mahandaki kati ya migomba, wajifiche, washike vijiti virefu kama silaha. Hakuna aliyekataa, na mimi sikukataa. Nchi inalindwa, na anayeilinda lazima aone. Baba yangu alikuwa askari. Shemeji alitupa jembe begani akauliza, "Sasa mimi ni adui wa nani?" Mwanangu akamjibu, "Wa ng'ombe wa mama, baba mdogo. Umekanyaga majani yake yote." Wakachimba mchana kutwa. Jioni tuliwapikia kiburu cha ndizi na maharage, wakafukia mashimo, wakaondoka.

Baba yangu huyo nimzungumzie kidogo. Alilinda mpaka akiwa kijana, na hadithi zake za jeshi zilikuwa za viatu na uji mbaya. Moja tu alikuwa anaisimulia taratibu. Alikuwa zamu, akaona kitu kinakuja kwenye vichaka upande wa pili, kimeinama, kina kitu kirefu mgongoni. Mwenzake akamwambia piga. Yeye akasema ngoja. Aliangalia mpaka macho yakamtoka machozi, na kile kitu kikasimama kikajinyoosha kiuno, kikawa mwanamke na mzigo wa kuni. Tulikuwa tunamuuliza, baba, ulijuaje? Anasema hakujua. "Niliangalia mpaka nikajua." Basi, anarudi kwenye viatu.

Mama mkwe akafika siku yake. Alikufa mchana, amekaa kwenye kiti chake akipigwa na jua, tukadhani amesinzia. Alinipokea bibi harusi nisiyejua hata kufunga mzigo wa majani usilegee, na alinifundisha bila kunitukana. Nilimlilia kama mama yangu.

Siku ya mazishi wanaume walianza kuchimba kaburi asubuhi, kabla watu hawajajaa. Sasa hivi misiba yetu inapigwa picha za video, kwa ajili ya ndugu walio Dar na walio nje ambao hawakuwahi kufika. Mpiga picha tuliyemzoea alikuwa amechukuliwa na msiba mwingine Kwa Sadala. Mwanangu akasema tusihangaike, atakuja na droni ya kazini, bibi apigwe picha kutoka juu kama mkubwa. Likawa jambo la kumheshimu bibi, hakuna zaidi.

Mimi nilikuwa na chupa ya chai na kikapu cha vikombe, nawapelekea wachimbaji. Shemeji alikuwa ndani ya shimo mpaka kifuani, anawatania vijana kwamba wanachimba kama wanaogopa kumwamsha. Nikawamiminia, nikarudi. Njiani nikampita mwanangu amesimama karibu na banda la ng'ombe, ameshika kishikwambi chake, droni iko juu inanguruma. Nikachungulia begani kwake, nikitaka kuona nyumba yangu ilivyo kutoka juu.

Migomba ilikuwa kijivu. Watu walikuwa weupe kama mishumaa, na kila mtu alikuwa ndani ya boksi. Kule kwenye kaburi maboksi yote yalikuwa mekundu. La shemeji lilikuwa jekundu na linawakawaka.

Mwanangu aliponiona akagusa kioo, maboksi yakapotea, ikabaki picha ya kawaida. Alisema alisahau kuizima ile programu, ni mambo ya kazini, nisijali.

"Nyekundu ni nini?" nikamuuliza.

"Ni majaribio tu, mama."

"Nimekuuliza rangi."

Alitazama chini. "Ni adui."

Nilimwambia arudishe picha ya dakika zile zilizopita. Alisita, ila alirudisha, hajawahi kunikatalia kitu nikiwa nimesimama mbele yake. Nikaona mtu mmoja anatoka upande wa jikoni, kiboksi chake cha njano, anatembea pole pole, kabeba kitu mikononi.

"Njano ni nini?"

"Haijaamua bado."

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, mama. Unapeleka chai."

Nikaendelea kuangalia. Nilipofika kaburini, nilipoinama kumpa shemeji kikombe, boksi langu likageuka jekundu kama yao. Mwanangu akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mashine inaangalia pia mtu anakaribiana na nani, anampa nini. Imejifunza kwamba wanaume wanaochimba chini ya migomba ni wapiganaji. Imejifunzia hapa hapa, kwa watu hawa hawa, na shemeji mwenyewe ndiye aliyekuwa adui wa kwanza kuonyeshwa. Hakuna aliyeiambia kwamba siku nyingine watu wanachimba kwa sababu mama yao amekufa.

Nilirudi jikoni. Mazishi yalikuwa mazuri, watu wengi, turubai zilijaa mpaka barabarani, kwaya iliimba. Mimi nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya mlimani. Mchungaji aliposema mavumbi kwa mavumbi nilijikuta natazama juu.

Binti mwenye kampuni alikuja kutoa pole baada ya siku kadhaa. Alileta sukari na mchele, akakaa kwenye mkeka na sisi. Nilimsubiri amalize chai, kisha nikamwambia nilichokiona. Hakukana. Mwanangu alikuwa ameshamweleza. Akasema anashukuru Mungu kwamba kosa limeonekana nyumbani na si kwingine. Akasema mashine haina hasira, haina hofu, haichoki, na askari mwenye hofu anaua wengi kuliko mashine. Akasema wasipotengeneza wao watatengeneza wageni, na wageni hawajui hata mgomba unafananaje. Tena, akasema, mashine haipigi. Inaonyesha tu. Mwisho wa yote ni binadamu ndiye anayebonyeza.

"Na huyo binadamu anaona nini?" nikamuuliza.

"Anaona kioo, mama."

"Kioo kinamwambia nyekundu."

Sikutaka kumdhalilisha mbele ya watu, nikamwongezea chai. Halafu akasema kilichomleta hasa. Wanaomba video ya msiba wetu. Wataiingiza, wataifundisha mashine kwamba watu wakichimba hivi, kuna jeneza, kuna wanawake wamekaa, huo ni msiba, isiwaguse. Nikamuuliza kama wataifundisha na watu wanaochimba choo. Na wanaochimba mtaro wa maji. Na mama anayewapelekea chai. Alisema ndiyo, pole pole. Nikamuuliza wakati wanaifundisha pole pole, mashine inangoja wapi? Akasema haingoji. Mzigo wa kwanza unaondoka mwisho wa mwezi, mkataba umeshasainiwa, na mwanangu ndiye anayekwenda nao kuwafundisha wanunuzi kuitumia.

Hilo la mwanangu nilikuwa sijalisikia. Nilimgeukia, akawa anachora ardhi kwa kidole kama mtoto.

Video niliwapa. Kwenye ukoo wapo wasionielewa mpaka leo. Wanasema nimemtoa bibi akawe somo la vita. Shemeji alikasirika siku mbili tatu, baadaye akasema kama uso wake umeshatumika kuwa wa adui, basi heri na wa mfiwa uwemo. Mimi niliwaza hivi: kama kuna mama mmoja huko ambaye picha ile itamfanya abaki njano, sina haki ya kumnyima. Lakini kumpa mwanangu ni jambo lingine.

Nilimwambia asiende. Nilimwambia tukiwa wawili, tunakata majani kwenye mtaro, kwa sababu mambo magumu mimi nayasema mikono ikiwa na kazi. Alinijibu kwa heshima. Alisema hakuna kazi nyingine, wadogo zake wanasoma kwa hiyo kazi, na tena asipokwenda yeye atakwenda mwenzake ambaye hakuwepo siku ile na hajui kosa liko wapi. Nikasema hayo yote ni kweli na bado sitaki. Akasema, "Mama, ulinifundisha kumaliza nilichoanza." Nikasema nilikufundisha, na sitaki.

Kwetu mtoto akisafiri safari kubwa anapiga magoti, mama anaweka mkono kichwani na kumwombea. Baba yake hayupo, mkono uliobaki ni wangu. Nilimwambia mkono huo hataupata kwa safari hii. Kumwombea yeye nitamwombea kila siku, kama ninavyopumua. Ile safari siiombei.

Hatukugombana. Ilikuwa mbaya kuliko kugombana. Alikuwa anakuja nyumbani, anakula, anasema asante mama, anaondoka.

Siku ya kuondoka alikuja asubuhi na jani la sale.

Kwa asiyejua, sale ni ule mmea tunaopanda mipakani mwa vihamba na juu ya makaburi. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, limefungwa fundo, huwezi kumkatalia msamaha. Hata kama amekuulia ndugu. Ni desturi ya kabla ya makanisa, na wachungaji wenyewe wanaliheshimu. Alisimama mlangoni amelishika kwa mikono miwili, na niliona amelichuma kwenye kaburi la baba yake, maana pale ndipo kuna yale yenye majani mapana.

Nilikuwa na hasira naye dakika ile. Alijua kabisa kwamba amenifunga. Kijana wa kompyuta, wa maboksi ya rangi, lakini alipokwama alirudi kwenye kitu cha babu zake.

Nikalipokea. Nikamwambia, "Nimekusamehe. Mimi. Kwa kaburi la bibi yako, kwa kunificha safari, yote. Lakini hao walio chini ya migomba yao hawajaletewa sale, na mimi siwezi kupokea kwa niaba yao."

Alisema, "Naelewa, mama." Akasubiri kidogo. Alikuwa anasubiri mkono. Nilikuwa nimeshika jani kwa mikono yote miwili na sikuliachia. Akainama akachukua begi. Shemeji alimsindikiza mpaka stendi, na aliporudi aliniambia kwamba mimi ni mwamba, na hakulisema kama sifa.

Niliendelea na kazi. Ng'ombe hangoji mtu alie. Jumapili wenzangu wa jumuiya walitaka tumwekee mwanangu maombi maalumu, amepata kazi nje, jambo la kushukuru. Nilisema tuwaombee kwanza watu wa huko aliko. Wakauliza wapi. Nikasema sijui. Tukawaombea hivyo hivyo, watu wa sijui wapi, na mmoja aliniangalia kama nimechanganyikiwa na msiba.

Simu yake ya kwanza ilikuwa fupi, amefika, yuko salama. Ya pili ilinikuta kwenye mtaro, mzigo wa majani nimeshaufunga, nataka kujitwika. Sauti yake haikuwa nzuri. Nikamuuliza amekula. Akasema amekula. Nikamuuliza huko wanalima nini, kwa sababu ndiyo swali ninalojua kumuuliza mtu yeyote.

"Migomba," akasema. "Migomba, mama, kama kwetu. Hata harufu."

Nikaweka panga chini.

Akanieleza kwamba kutoka kambini kwao wanaona vijiji kwenye kioo mchana kutwa. Wanawake wanabeba majani. Nyumba ziko humo humo shambani. Nikamuuliza na makaburi. Akasema nayo yako humo humo, karibu na majiko.

"Na mashine inajua sasa?"

"Inajua msiba wa bibi," akasema. "Jeneza, turubai, watu wengi wamekaa, kwaya imesimama mstari mmoja. Ikiona hivyo inaacha." Nikamsikia anavuta pumzi. "Hawa wanazika haraka, mama. Wachache wachache, kwa kuogopa. Hawana turubai."

Aliendelea kusema kwamba juzi boksi liligeuka jekundu, watu wanne wanachimba na mwanamke amewakaribia na kitu mkononi. Mwanangu akasimama akawaambia waliokuwa kwenye kioo wasubiri, huo ni msiba. Walimuuliza anajuaje. Akashindwa kuwaambia anajuaje. Aliwaambia tu waangalie mpaka mwisho, na mwisho ulipofika wale wanne walifukia, wakapiga magoti. Mkubwa wa pale alimwambia amefanya vizuri ila asizoee, mashine wameinunua ili wasiwe wanasubiri. Alishampigia binti wa Shirimatunda, naye amesema atajaribu kuongea, lakini mashine imeshauzwa, na mali ya mtu ni mali ya mtu.

Tangu aondoke nilikuwa na neno moja limekaa mdomoni, linasubiri simu kama hiyo. Rudi. Nililiwaza wakati wa kukamua, nililiwaza kanisani. Na pale alipaswa kulisikia, na naamini ndicho alichopigia simu, maana aliuliza, "Sasa nifanyeje, mama?" kwa sauti ya yule mtoto wa mezani, ila safari hii mwenye kukosea hesabu ni yeye.

Nikalitafuta lile neno, nikaona nikimwita arudi, pale kwenye kioo hatabaki mtu aliyewahi kuzika mtu wake chini ya migomba.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Waangalie mpaka uwajue. Wakikufukuza, wakufukuze."

Alilia. Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia aweke mkono wake mwenyewe kichwani, kwa kuwa wangu uko mbali, na nikapiga magoti kwenye majani yenye umande nikaiombea ile safari niliyoikatalia, mpaka simu ikakata yenyewe. Sijui alisikia mpaka wapi. Niliendelea kuomba hivyo hivyo, halafu nikajitwika mzigo nikapanda nyumbani, na ng'ombe alikuwa ameshaanza kulia njaa.